Shahidi wa Pili

Karibu kila kanisa nililowahi kuingia lina onyo ambalo halijaandikwa ukutani lakini kila muumini analijua: mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Hayo ni maneno ya ndugu zetu wa mahema na spika kubwa. Sisi Wakatoliki tuna ya kwetu, na tunayasema kwa sauti ya chini zaidi: mambo ya padri mwachie Mungu. Maana ni ile ile. Ukiona kiongozi wa kanisa amekosea, funga mdomo, sali, subiri. Mwenyezi atamfikia kwa wakati wake.

Swali langu ni rahisi kuuliza na gumu kujibu. Muumini akimshtaki kiongozi wake wa kanisa, je, anatenda dhambi, anatumia haki yake, au anatimiza wajibu? Na kama ni wajibu, ni wajibu wa nani hasa?

Naandika nikiwa Asumbi. Kwa msomaji wa Nairobi ambaye hajawahi kufika huku, Asumbi ni misheni ya Kikatoliki upande wa Rangwe, kaunti ya Homa Bay, na Rongo ya Migori haiko mbali. Wamisionari wa Mill Hill walifika pande hizi mwanzoni mwa karne ya 20, na kilichofuata unakiona hadi leo: kanisa, shule ya wasichana, chuo cha walimu, nyumba ya masista. Mtu anaweza kubatizwa, akasoma, akafunzwa ualimu, akafunga ndoa na akazikwa bila kutoka kwenye kivuli cha misheni. Tangu mwaka 1993 tuko chini ya Jimbo la Homa Bay, ambalo linashika kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na sasa naishi kwa kuandika: makala, tafsiri, na barua za watu. Watu hunijia sokoni na karatasi zao. Niandikie barua ya basari. Niandikie ya chifu, huyu jirani amesogeza mpaka. Niandikie ya watu wa stima. Watu wa kwetu hawaogopi kulalamika, manze. Gavana wanamtaja kwa jina, mbunge wanamsuta matangani akiwa ameketi hapo hapo mbele. Lakini barua ya kumlalamikia kiongozi wa kanisa nimeombwa mara moja tu. Nitaifikia.

Wengi hudhani hofu hiyo ni ya jehanamu. Mimi naona ni ya kaburi. Kwa Mjaluo, mazishi ni kama hukumu ya jamii juu ya maisha yako: nani alikuja, nani alipewa maikrofoni, padri alikuja mwenyewe au alimtuma katekista. Kabla ya misa ya mazishi, mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuulizwa maswali. Marehemu alikuwa anasali wapi? Zaka alikuwa anatoa? Kadi yake iko wapi? Sasa fikiria wewe ndiye mtu aliyesimama kwenye mkutano akauliza pesa za ujenzi zilienda wapi. Moto wa milele uko mbali. Kinachokunyima usingizi ni Jumamosi moja ambapo jeneza la mama yako litakuwa uani, hema limesimamishwa, sufuria ziko motoni, na padri hajafika.

Ongeza hapo barua za mapendekezo. Mtoto anatafuta basari, anatakiwa sahihi ya paroko. Kijana anaoa, anatakiwa cheti cha ubatizo. Mtu anaomba kazi kwenye shule inayodhaminiwa na kanisa, ataulizwa ni nani anayemjua. Kanisa huku ni ofisi nyingi ndani ya jengo moja, na funguo zote ziko kwa mtu mmoja. Kwa hiyo anayenyamaza simwiti mwoga. Anajua hesabu yake vizuri.

Lakini hebu tuangalie Kitabu chenyewe, maana onyo la mpakwa mafuta linadaiwa limetoka humo. Linatoka Zaburi ya 105, pia Mambo ya Nyakati. Isome yote, usiishie kwenye mstari mmoja. Wanaolindwa pale ni Abrahamu na uzao wake, watu wachache, wageni wasio na ardhi, wanaotangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wafalme. Yaani maneno yaliyosemwa kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, leo yanatumiwa kumkinga mwenye nguvu dhidi ya mjane anayeuliza risiti.

Na malalamiko yenyewe si kitu kigeni kwa kanisa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa kabisa na tayari lilikuwa na kesi: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahaulika chakula kilipogawiwa kila siku. Mitume wangeweza kusema hao wanagawa kanisa. Badala yake waliita mkutano wa wote, wakaacha watu wachague saba wa kusimamia kazi hiyo, na majina ya wote saba ni ya Kigiriki. Upande uliolalamika ndio uliopewa ghala. Mapokeo yanawaona hao saba kama mwanzo wa ushemasi. Cheo kizima cha kanisa, kwa mapokeo hayo, kilizaliwa na malalamiko ya wanawake kuhusu chakula.

Kuna pia mzee Samweli. Alipokuwa anang'atuka, alisimama mbele ya Israeli yote akawataka wamshuhudie: alichukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, alimdhulumu nani, alipokea rushwa kwa mkono wa nani. Hakungoja kushtakiwa. Aliufungua mlango mwenyewe, akasimama pale ili atakaye aingie. Mpakwa mafuta wa kweli, na kazi ya kuwapaka wengine mafuta ilikuwa yake pia.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu wengi wetu tuliolelewa Katoliki hatujui kwamba Kanisa lina kitabu cha sheria, cha mwaka 1983, chenye kanuni 1,752, na kwamba ndani yake muumini wa kawaida ametajwa. Kanuni ya 212 inasema waumini wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kuhusu mambo ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuzingatia manufaa ya wote. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha. Haikuachwa kwa hiari ya paroko. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo tu. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali wawape waumini hesabu ya kile waumini walichotoa, kwa utaratibu uliowekwa na jimbo. Kanuni ya 1741 inataja sababu za kumwondoa paroko, na kusimamia mali vibaya kwa hasara ya Kanisa ni mojawapo.

Na kwa lile la kaburi: kanuni ya 1184 imeorodhesha wanaoweza kunyimwa mazishi ya kanisa. Ni walioikana imani waziwazi, waliochagua kuchomwa kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangekuwa kashfa kwa waumini, na hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Penye shaka, askofu wa jimbo aulizwe na hukumu yake ifuatwe. Mwenye deni la zaka hayumo. Aliyeuliza maswali mkutanoni hayumo. Kanuni ya 1181 inakwenda mbali zaidi: maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Basi ile hofu kubwa kuliko zote haina mguu kwenye sheria. Inaishi kwa sababu hatujaisoma.

Ngazi yenyewe iko hivi. Unaanza kwa mhusika mwenyewe, uso kwa uso, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Ikishindikana unachukua mmoja au wawili. Halafu jumuiya, kigango, halmashauri ya parokia, paroko. Kama shida ni paroko, unapanda kwa dekano, halafu kwa askofu. Juu ya askofu yuko balozi wa Papa pale Nairobi, na juu yake Roma. Kama umepewa uamuzi rasmi kwa maandishi na unataka kuupinga, angalia saa: una siku kumi za kumwomba aliyeutoa aubadilishe kabla hujapanda ngazi. Wengi hupoteza kesi kwa kulia miezi miwili kwanza.

Kuna watakaosema, na wanasema, kwamba kanisa si serikali. Padri hatukumpigia kura. Ni kweli kabisa. Hata halmashauri ya parokia, kwa sheria, kazi yake ni kushauri tu. Lakini angalia hoja hiyo inaelekea wapi. MCA akinikosea, nina njia nyingine: nasubiri uchaguzi, naweka alama kwa mpinzani wake. Paroko sina kura naye. Hatukumchagua na hatutamwondoa. Kwa hiyo kilichobaki mkononi mwangu ni sauti tu. Mahali pasipo na kura ndipo malalamiko yanapohitajika zaidi, na kumnyima mtu sauti pale ni kumnyima kila kitu.

Ukimnyima kila kitu, ataondoka. Na hakuna mahali Afrika Mashariki panapojua habari za kuondoka kanisani kama Nyanza. Mwaka 1957, kundi la Waanglikana waliojiita Johera, yaani watu wa upendo, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, lilijitenga baada ya miaka ya mvutano ndani ya kanisa lao, na likawa Kanisa la Kristo Afrika. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, zamu ikawa ya Wakatoliki wa huku kwetu kusini. Simeo Ondeto na mwanamke kijana Gaudencia Aoko, aliyekuwa amefiwa na watoto, waliongoza maelfu kutoka parokiani hadi Legio Maria. Walikuwa na mambo ambayo misheni haikuwa na masikio nayo: kuponywa, kufukuza mapepo, nafasi kwa wenye wake wengi. Mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko Migori.

Nawaheshimu hao watu. Lakini kuna jambo linanisumbua. Walipotoka, walibeba ngazi nzima: papa, makadinali, maaskofu, hata Kilatini. Aoko mwenyewe baadaye alitoka Legio pia. Kuondoka kulibadilisha nani ameketi juu; hakukujibu swali la aliye chini ampelekee nani malalamiko yake. Na leo kuondoka kumekuwa rahisi zaidi. Kati ya Rongo na Homa Bay ukitazama kando ya barabara, mabango ya makanisa yanakimbizana na ya dawa za mifugo. Kila bango ni kikao fulani ambacho hakikumalizika vizuri. Na katika mengi ya hayo mapya, ngazi haipo kabisa: mwanzilishi ndiye mchungaji, ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye sahihi benki, na mkewe ndiye mweka hazina. Hata hapo sheria ya nchi ina neno. Kanisa lililosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama lazima liwe na katiba na lipeleke ripoti kwa Msajili wa Vyama kila mwaka. Muumini anayetoa sadaka ana sababu ya kuomba kuiona katiba hiyo. Ukiiomba na ukaambiwa una pepo la uasi, umejibiwa.

Sisi vijana tuna namna yetu ya kuondoka, isiyo na bango. Tunaenda mjini, Jumapili tunalala, tukiulizwa tunasema mimi naamini Mungu ila si dini. Mchumi mmoja, Albert Hirschman, aliandika kitabu mwaka 1970 baada ya kuishangaa reli ya Nigeria. Reli ilikuwa mbovu, na malori yalikuwa yanaichukulia mizigo, lakini reli haikujirekebisha. Ungedhani ushindani ungeiamsha. Alichogundua ni kwamba wateja waliokuwa na uwezo wa kupiga kelele ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia malori. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda wala nguvu ya kusema. Nikisoma hayo nawaona akina mama wa jumuiya zetu. Aliyesoma, mwenye kazi, asiyehitaji barua ya paroko, ameshapanda lori. Waliobaki ndio wanaojenga kanisa kwa kuku na mayai, na ndio wenye mengi ya kupoteza wakifungua mdomo.

Sasa nifike kwenye ile barua.

Aliyeniomba ni mama mmoja wa parokia ambayo sitaitaja, na si ya Asumbi. Alikuwa mweka hazina wa kigango chao. Kwa miaka miwili walichanga pesa za mabati, shilingi 41,500, nyingine zikiwa za kuuza mahindi ya shamba la jumuiya. Alizipeleka parokiani, akaandikiwa kwenye kitabu. Mabati hayakuja. Alipouliza mkutanoni, mwenyekiti alisema mama huyu ana roho ya kugawa kanisa. Mkutano uliofuata, mweka hazina alikuwa mtu mwingine. Wakati huo kule kijijini ilishasemwa, kwa uhakika wote wa kijiji, kwamba padri alinunua gari.

"Nyathina," aliniambia, "iandike kwa heshima. Lakini jina langu usiweke."

Nilimwambia barua isiyo na jina huwa inaishia kwenye jalala. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho kimekaa nami tangu siku hiyo: kwamba watu arobaini walikuwa mkutanoni, wote wanajua pesa zilichangwa, wote wanamwambia kando ya kisima kuwa yuko sawa. Kando ya kisima tu.

Hapo ndipo nilielewa kanuni moja niliyokuwa nimeisikia mara nyingi. Paulo anamwagiza Timotheo asipokee mashtaka dhidi ya mzee wa kanisa ila kwa mashahidi wawili au watatu. Viongozi wengi wanaipenda sana. Huwa hawasomi mstari unaofuata, unaosema wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Hata hivyo kanuni yenyewe ni nzuri. Kama ni mimi ndiye padri, nisingependa jina langu liharibiwe na kinyongo cha mtu mmoja. Torati ndiyo chanzo chake, na Torati hiyo hiyo inaagiza kwamba shahidi wa uongo apate adhabu aliyotaka mwenzake aipate.

Ila tumezoea kuisoma kana kwamba inamhusu mlalamikaji peke yake: kama uko mmoja, kaa chini. Mimi naisoma kama swali kwa wale thelathini na tisa. Kanuni inasema ukweli wa mtu mmoja hautoshi, hivyo kila anayeujua na kunyamaza ameamua kesi. Mama yule alikuwa amefanya sehemu yake yote. Alikosa mtu wa pili, na mtu wa pili hawezi kuwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana nasema kulalamika kanisani ni haki kwa yule aliyeumizwa, na anaweza kuiacha haki yake akiona gharama ni kubwa. Wajibu uko kwa aliyeona. Yeye wa pili hana haki ya kuacha, maana anachokiacha si chake.

Alirudi baada ya wiki mbili na majina mawili: mwalimu mstaafu wa kwaya, na kijana wa boda boda ambaye ndiye aliyebeba yale mahindi hadi sokoni. Tuliandika ukurasa mmoja. Tarehe, kiasi, nani alipokea, na ombi moja: tunaomba kusomewa hesabu ya fedha hizi. Hatukuandika wizi wala gari. Nakala ilipelekwa kwa dekano, na ya kwao ikagongwa muhuri ofisini.

Hesabu ilisomwa. Pesa hazikuwa zimeliwa. Padri alikuwa amenunua mabati na kuyapeleka kigango kingine ambacho upepo ulikuwa umeng'oa paa lake, akiwa na nia ya kuyarudisha, kisha jambo likasahaulika. Hakuwa na haki ya kufanya hivyo. Sadaka ya kazi moja haihamishwi kwa kazi nyingine bila kuwaambia wenyewe. Lakini hakuwa mwizi. Kimya kilikuwa kimeshamhukumu mwaka mzima, na barua ya watu watatu ndiyo iliyomwokoa na gari ambalo hakulinunua. Mama hakurudishiwa kitabu cha hazina. Mabati nimesikia yamefika nusu.

Kutoka hapo nimeacha kuona malalamiko kama silaha ya waumini dhidi ya kiongozi. Kusengenya ndiyo silaha, tena haina hata ujasiri. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la kila mtu, padri naye akiwemo. Ukianza kwa kurusha video TikTok kabla hujamwuliza mtu swali, umeruka kila hatua iliyowekwa ili kumlinda asiye na hatia, na siku moja asiye na hatia atakuwa wewe. Malalamiko yenye jina, tarehe na ombi yanampa mtu nafasi ya kujibu. Mnong'ono haumpi.

Kuna jambo moja ambalo halipandi ngazi hii hata kidogo, na nalisema bila kupindisha. Jinai haipelekwi kwa dekano. Mtoto akinajisiwa, mtu akifungiwa, mgonjwa akizuiwa kwenda hospitali, mlango wa kwanza ni polisi. Namba ya msaada wa watoto ni 116, ya ukatili wa kijinsia ni 1195, zote bila malipo. Usimwendee mhusika uso kwa uso. Mathayo 18 haikuandikwa ili kumrudisha mtoto kwa anayemdhuru. Kanisa Katoliki lenyewe, katika sheria ya Papa Fransisko ya mwaka 2019 iliyorekebishwa 2023, linakataza kumlipizia kisasi anayeripoti unyanyasaji wa kingono, na linakataza kumfunga kiapo cha kunyamaza.

Tunajua gharama ya kuchelewa. Paul Mackenzie alishakamatwa na kushtakiwa kabla ya 2023, na bado msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400. Na hapa kwetu, Aprili 2025, polisi waliingia kwenye kanisa moja Opapo, upande wa Rongo, wakatoa watu 57, baada ya habari za watu wawili, mmoja wao askari, waliokufa na kuzikwa humo humo ndani. Opapo si porini. Ni mahali pa matatu na maduka, watu wanapita kila siku. Mahali kama hapo shahidi wa pili hakosekani kwa kukosa macho.

Najua wengi mnaosoma haya mko Umoja, Rongai, Pipeline, na kanisa la nyumbani mnaliona kwenye meseji za M-Pesa tu: harambee ya nyumba ya padri, harambee ya uzio. Mnatuma elfu moja ili mama asiaibike. Mwaka 2024 kizazi chetu kiliwauliza viongozi wa makanisa kwa sauti kubwa kwa nini mimbari zimekuwa majukwaa ya pesa za wanasiasa. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye kabla ya hapo alikuwa askofu wetu hapa Homa Bay kwa miaka mingi, lilitangaza kurudisha shilingi milioni 2.6 alizotoa Rais Ruto kwenye kanisa la Soweto, Kayole. Sisemi walifanya hivyo kwa sababu yetu. Nasema inawezekana, milioni zinarudi.

Lakini kupiga kelele kwa pamoja kuhusu Rais ni rahisi. Jina lako haliko kwenye karatasi. Kigumu ni shilingi 41,500 za kigango kisicho na paa, ambapo mwenyekiti ni mjomba wako na aliyeuliza swali ni jirani mnayechota naye maji. Huko ndiko wewe wa mjini una kitu ambacho mama yako hana: huhitaji barua ya paroko, huombi basari, hakuna wa kukuvua uweka hazina. Ukituma mchango, omba risiti kwa maandishi na uulize kamati ya fedha inakutana lini. Ukisikia kuna mtu nyumbani ameuliza swali la haki na amebaki peke yake, mpigie simu, umwulize barua ilipo, na uweke jina lako chini ya lake.